Uso wa Bati wa Mama Mkwe

Nakuru,
9 Machi 2025

Mkwe wangu Weldon,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti la Mzee Khaemba, ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Natumai wewe na Natasha na mjukuu wangu Cherono mko salama huko Mai Mahiu, na kwamba mafua ya mtoto yamepona.

Najua umeshangaa kupata barua. Siku hizi watu wanapigiana simu hata wakiwa nyumba moja. Lakini wewe ni mkwe, na mimi nililelewa na mama Mbukusu kabisa kabisa. Kwetu mama mkwe hashikani mkono na mkwe wake wa kiume, hali naye meza moja, wala hamtazami usoni. Ukinipigia simu naona ni kama umekuja kuketi jikoni kwangu. Karatasi ni tofauti, karatasi haina macho. Nilimuuliza pasta akacheka, nami nikachukua kicheko chake kuwa ruhusa.

Usifikiri nimesahau ile siku ya kwanza uliletwa nyumbani. Ulininyooshea mkono mbele ya watu wote, "Chamgei, Mama!" nami nikakimbilia jikoni nikajifungia, wageni wakakaa bila chai mpaka Natasha akaja kunibembeleza mlangoni. Hukuwa na kosa. Ninyi Wakalenjin mna mambo yenu na sisi tuna yetu, na hakuna aliyekuwa amekwambia. Tangu siku hiyo Natasha ndiye anabeba maneno, "Mama anasema," "Weldon anasema," na mtoto wangu huyo akibeba maneno lazima ayatie chumvi njiani.

Sasa jambo lenyewe. Natasha ananiambia kazi yako ni kuokota vitu watu wametupa na kuvigeuza sanamu. Mzee Khaemba, kama unavyojua, alifanya kazi karakana ya reli mpaka nywele zikawa nyeupe. Kwake, mtu anatengeneza injini au hafanyi kazi. Majirani wakimuuliza mkwe wake anafanya nini, anajibu, "Ako kwa mambo ya chuma," kisha anauliza habari ya mahindi. Mimi nataka kujua mwenyewe.

Na tena nina stoo. Tangu niolewe sijawahi kutupa kitu. Sufuria ikitoboka naiweka, labda fundi atapita. Kufuli ikipoteza funguo naiweka, labda funguo zitaonekana. Mzee anataka stoo hiyo afugie kuku, na kila Jumamosi tunagombana. Nimempa Natasha gunia moja akuletee. Angalia kama kuna la maana, na unijibu kwa mwandiko unaosomeka.

Ni mimi mama mkwe wako,
Mama Natasha


Mai Mahiu,
30 Machi 2025

Kwako Mama,

Pokea heshima zangu kutoka mbali hivi, mahali ambapo hata mila haiwezi kulalamika. Sisi tuko salama. Mafua ya Cherono yaliisha, akaniachia mimi. Natasha ana zamu nyingi pale zahanati lakini hana neno. Mpe Mzee pole ya goti.

Gunia lilifika na nimelipenda sana. Nililimwaga uwanjani nikakaa chini kama mtoto aliyeletewa zawadi.

Wacha nikueleze ninapofanyia kazi. Ni nyuma ya fundi wa pancha, kando ya barabara kuu. Malori yakimaliza kushuka mteremko yanafika hapa breki zikinuka, na tairi zikipasuka vipande vinabaki barabarani kama ngozi za nyoka. Madereva wanaponyoosha miguu na kunywa chai, mimi naokota: vipande vya tairi, vioo vya pembeni, minyororo, springi. Nina mashine ya kuchomelea na koleo mbili. Nimeshatengeneza punda, korongo, na mbwa mmoja ambaye mbwa wa kweli humbwekea. Madereva wananunua, wanavifunga mbele ya malori yao, na korongo wangu mmoja ameonekana Kisangani.

Najua wengi wanaita takataka. Lakini Mama, mimi nikiona kitu kilichotumika sana nasikia furaha. Kitu kipya hakijui lolote. Mfano ni vitu vyako. Mwiko wako umelika upande mmoja, na ni upande usio wa kawaida. Sufuria zako zina mikwaruzo inayozunguka kinyume. Hata pasi ya makaa mpini wake umeng'aa mahali ambapo kidole gumba cha kushoto kingekaa. Naomba kuuliza kwa heshima: je, wewe unatumia mkono wa kushoto? Natasha anasema hapana, anasema umekula na kuandika kwa mkono wa kulia maisha yako yote.

Nimekutengenezea kuku kwa ile sufuria iliyotoboka. Shingo ni bomba la maji, kishungi ni vipande vya kufuli. Mwambie Mzee kwamba huyu hahitaji stoo.

Ni mimi mkweo,
Weldon Kipketer


Nakuru,
18 Mei 2025

Mkwe wangu Weldon,

Habari ya huko? Hapa mvua imenyesha vizuri, sukuma imekuwa nyingi mpaka tunawapa majirani. Pasaka tuliipitisha salama. Natasha alikuwa amenona kidogo, nikafurahi.

Ndiyo, natumia mkono wa kushoto. Shuleni walinichapa vidole mpaka nikajifunza kuandika kwa huu mwingine, na nyumbani mama akanifundisha kula mbele za watu kama watu. Lakini nikiwa jikoni peke yangu, au nikipiga pasi na hakuna anayeniona, mkono wangu unarudi kwake. Mzee Khaemba aligundua tukiwa na watoto wawili tayari. Natasha mpaka leo hajui, na ameishi nyumba hii miaka yote ya shule! Halafu wewe usiyeruhusiwa hata kuniangalia unakuja kujua kwa mwiko. Nilisoma barua yako nikaketi kitandani nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, halafu nikaenda kupika. Sijui hata nilikuwa nalia nini. Nilifurahi tu.

Kuku alifika. Mzee alimgeuza juu chini akitafuta makosa kwenye viungo vya kuchomelea. Hakupata hata moja. Jioni nikamkuta amemweka kando ya televisheni. Ephantus wa nyumba ya pili alipokuja kutazama habari akauliza kuku ametoka wapi, Mzee akasema Nairobi. Ephantus akataka kununua. Mzee akasema, "Hiyo haiuzwi, boss." Kwa hiyo umetoka Mai Mahiu umefika Nairobi bila kupanda gari.

Nakutumia gunia la pili. Kuna vijiko, jiko, bakuli za bati zilizobanduka rangi, taa ya chemni isiyo na kioo, springi za kitanda tulichonunua tukioana, na vikombe vyangu vya udongo vilivyovunjika wakati wa mazishi ya shemeji yangu. Hivyo nimevifungafunga vizuri visimkate Natasha mkono. Siku hizi nikiingia stoo naingia kama mtu anayeenda sokoni. Nachagua. Nasema hiki Weldon atakipenda, hiki hatakipenda. Inanipa raha, sitakuficha.

Mama mkwe wako,
Mama Natasha


Mai Mahiu,
22 Juni 2025

Kwako Mama,

Nakuamkia kwa adabu. Natumai baridi ya Juni haijamtesa Mzee. Huku upepo unashuka mlimani asubuhi na kutuamsha kabla ya jogoo.

Nina habari mbili, moja kubwa na moja inayonitia woga.

Kubwa ni kwamba kuna mama anaitwa Wangare, anayeandaa maonyesho ya sanaa katika ukumbi mmoja wa zamani pale Nakuru mjini, karibu na stesheni. Alikuwa anapita kwenda Narok, gari lake likapata pancha, na alipokuwa anangoja akaingia uwanjani kwangu. Ameniomba kazi moja kubwa kwa maonyesho ya Novemba. Mama, sijawahi kuonyesha kazi mahali penye paa. Na ni Nakuru, kwenu, mahali Mzee anapojulikana. Nikifanya vizuri hapo, labda hatahitaji tena kuuliza habari ya mahindi.

Inayonitia woga ni hii. Kazi aliyoichagua ni ya vitu vyako. Nilianza bila mpango. Nikaweka springi za kitanda zikawa miguu, jiko likawa kiuno, bakuli zikawa mgongo na mabega. Mkono wa kushoto nikauinua, nikaupa mwiko. Vikombe vilivyovunjika nikavipanga kifuani kama shanga. Kichwa ni kifuniko cha sufuria kubwa, na kile kitambaa cha maua ya zambarau ulichoniwekea kwenye gunia nikakifunga juu yake. Usoni sijaweka kitu, ni kifuniko kitupu. Natasha akaja na chai. Akasimama. Akasema, "Weldon, huyu ni Mama."

Naapa sikukusudia, ila niliposikia hivyo nikajua ni kweli. Nimeweka picha ndani ya barua hii. Naomba uniambie kama ni sawa. Usiposema ndiyo, sitaipeleka popote.

Mkweo,
Weldon


Mai Mahiu,
24 Agosti 2025

Kwako Mama,

Natumai mko wazima. Sisi tuko, tunashukuru.

Nimengoja jibu lako Julai yote, na sasa Agosti inaisha. Natasha akipiga simu unamwambia mko salama, lakini nikimwomba aulize habari ya barua yangu, anasema unakatiza na kusema stima inapotea. Wiki iliyopita alitaka kuja wikendi, mkamwambia asije kwanza. Hakuna gunia tena.

Nimeelewa. Nimekukosea, Mama. Nilifanya haraka kama siku ile ya mkono. Kumtengeneza mama mkwe kwa chuma pengine ni kubaya zaidi ya kumtazama, na mimi sikufikiria, nilikuwa na furaha tu.

Nimeifunika kwa turubai. Mwisho wa mwezi ujao nitaibomoa na kukurudishia vitu vyako vyote kwenye gunia, na nitamwambia Wangare atafute mtu mwingine. Itaniuma, sitasema uongo. Lakini barua zako zimekuwa kitu kizuri sana kwangu. Mama yangu nilimpoteza nikiwa bado shuleni, na jina lake ndilo analo binti yetu. Bora nikose maonyesho kuliko nikose barua zako.

Mkweo anayekuheshimu,
Weldon


Nakuru,
7 Septemba 2025

Weldon,

USIBOMOE KITU. Soma hilo kwanza ndipo nikusalimie.

Hujambo? Sisi hatujambo. Goti ni lilelile. Pole kwa mama yako, Natasha aliniambia zamani lakini kusikia kutoka kwako ni tofauti.

Sasa nikueleze kilichotokea huku. Picha ilipofika niliiweka ndani ya Biblia, nikawa naichungulia kila asubuhi kabla ya Zaburi. Halafu akaja Senge Nakhumicha, dada yake Mzee, kutoka Kimilili. Alikuja kupimwa macho. Daktari akasema macho yake ni mazuri, na ni kweli, kwa sababu alifungua Biblia yangu, akaona picha, na akaona kitambaa.

"Khane wewe Celestine! Hii si kitambaa yako ya kanisa? Mkwe ndiye anakufunga kitambaa kwa kichwa siku hizi?"

Weldon, kile kitambaa hakikuwa cha sanamu. Nilikitumia kufungia vikombe, vile mtu anafungia na gazeti, na gazeti lilikuwa limeisha. Ni kitambaa nilichovaa kichwani miaka mingi, na kwetu mkwe wa kiume hashiki nguo ya mama mkwe, seuze ya kichwani. Wewe ungejuaje? Ulifungua gunia la vitu vya kutumia, ukatumia. Lakini Senge alipiga kelele mpaka Ephantus akazima televisheni yake asikie vizuri.

Mzee Khaemba akasema barua zisimame mpaka jambo liishe. Akasafiri mpaka Kimilili kuketi na ndugu zake. Mimi huku nililala na wasiwasi, nikijua unangoja, na sikuwa na ruhusa ya kuandika. Sijapenda miezi hii miwili hata kidogo.

Sasa sikiliza. Walipoketi, ndugu wakataka kukutoza mbuzi. Mzee akasimama. Huyu Mzee wetu wa "mambo ya chuma"! Akasema, "Karakana ikiletewa kifaa kwenye sanduku la vipuri, fundi hana makosa akikifunga kwenye injini. Muulizeni aliyefunga sanduku." Wakakubaliana naye. Kwa hiyo kosa likanirudia mimi. Nimempikia Senge kuku mzima na kumnunulia lesso, na wewe hudaiwi kitu. Nimekasirika na nimefurahi kwa wakati mmoja.

Amri ya wazee ni moja tu, kitambaa kirudi kwa mkono wa Natasha.

Hayo yameisha. Sasa ni zamu yangu. Weldon, lile jiko ulilonitia kiunoni ni lile la kupikia arusi! Sikatai kwamba mimi si mwembamba, lakini jiko la arusi? Kuna jiko dogo kwenye gunia la kwanza, lipo, nakumbuka nililiweka chini. Tumia hilo. Watu wa Nakuru wananijua.

Na kwa nini hujaniwekea uso? Naonekana kama mtu asiye na la kusema, na hakuna atakayeamini kwamba ni mimi.

Mama mkwe wako,
Mama Natasha


Mai Mahiu,
21 Septemba 2025

Kwako Mama,

Shikamoo Mama, na shikamoo ya pekee kwa Mzee. Nilisoma barua yako nimesimama, nikakimbia uwanjani kutoa turubai. Fundi wa pancha alidhani nimepata mtoto mwingine.

Kitambaa kinakuja na Natasha. Nilikitoa kwa koleo, mkono wangu haujakigusa tena. Alikifua mwenyewe, akakianika mwenyewe, mimi nikakaa upande wa pili wa nyumba mpaka kikakauka. Badala yake nimefunga kichwani bati la debe la mafuta, nimelikunja kama kilemba, na linapendeza.

Kiuno kimerekebishwa. Nilikata jiko la arusi, nikaweka dogo. Natasha anasema sasa umependelewa, lakini mimi nimesema mteja ndiye mkubwa.

Kuhusu uso, Mama, hapo nimekwama. Natasha ana picha zako kwa simu, ukiwa umevaa vizuri kwenye arusi ya nani sijui, akaniambia nikopie hizo. Nilikataa. Nikikutazama kwa simu kisha nitengeneze, nitakuwa nimechukua kwa dirisha kitu nilichonyimwa mlangoni. Nilijaribu kubuni. Nikaweka vifungo vikawa macho, nikatoa. Nikaweka mnyororo ukawa mdomo, ukawa unanung'unika, nikatoa. Mikono yako naijua, mabega nimeyakisia, lakini uso siujui na sitaki kuudanganya.

Wangare anasema sanamu isiyo na uso pia ni sanaa. Labda. Ila wewe umesema unaonekana kama mtu asiye na la kusema, na hilo limenikaa rohoni. Nisaidie. La sivyo nitaipeleka hivyo hivyo, na nitajua kwamba haijaisha.

Mkweo,
Weldon


Nakuru,
26 Oktoba 2025

Mkwe wangu,

Salamu nyingi, na mjukuu wangu mpe busu mashavu yote mawili. Huku wote wazima, na leo hata goti limepumzika.

Natasha amebeba kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa kamba. USIKIFUNGUE. Safari hii gazeti ni gazeti, lakini kilichomo ndani huruhusiwi kukiona bado.

Ni uso. Nimeukata mwenyewe.

Niliingia stoo nikachukua bati lililobaki tulipoezeka choo. Nilidhani ni kama kukata nguo. Weldon, mnavumiliaje? Vidole vyangu vimekatikakatika. Mzee alikuwa amesimama mlangoni akinikosoa, "Shika hivi, usishike hivyo, utapinda," mpaka nikamwambia kama anajua sana aje afanye. Akaenda chini ya kitanda akavuta sanduku lake la vifaa vya karakana. Tangu astaafu hajawahi kulifungua. Akapiga magoti, na goti lile, akawa ananyoosha bati kwa nyundo ndogo, tok tok tok, na kupuliza vumbi kama zamani. Tuligombana kuhusu pua siku nzima. Yeye anasema pua yangu ni pana, mimi nasema amesahau. Tulicheka sana. Sikumbuki mara ya mwisho tulifanya kitu pamoja ambacho si kuzika mtu au kulipa karo.

Nimekata kwa mkono wa kushoto, Natasha akiwa ameketi pale ananitazama. Alifungua mdomo akasahau kuufunga.

Mzee ametoboa matundu na kuweka nati. Hakuna kuchomelea. Mkifika ukumbini, Natasha atafunga, wewe utoke nje. Akimaliza atakuita.

Mimi sitakuja siku hiyo. Tukikutana hapo katikati ya watu itakuwa shida, na Senge ana macho mazuri. Lakini nenda bila wasiwasi.

Mama mkwe wako,
Mama Natasha


Mai Mahiu,
23 Novemba 2025

Kwako Mama,

Nakuamkia nikiwa nimechoka na nikiwa na furaha. Tuko salama. Tulirudi jana, Cherono akiwa amelala miguuni pangu, na leo nimeamka nikaandika kabla ya kula.

Nilisafiri na sanamu nyuma ya lori la viazi, kifurushi nimemwachia Natasha ili nisishawishike kukifungua. Kila tulipopita, watoto waliipungia mkono. Ukumbini tuliisimamisha katikati, chini ya dirisha kubwa. Nikatoka nje kama ulivyoagiza. Nilikaa kwenye ngazi nikisikia Natasha anakaza nati. Watu walikuwa wameanza kuingia. Akaniita.

Mama, niliingia nikiwa nimeinua kichwa, kama fundi anayeenda kukagua kazi yake. Nikafika mbele yake. Nikaona vijiko viwili mmevipindua vikawa kope zilizoshuka, na uso mmeugeuza kidogo pembeni, vile mtu anavyompa mwingine njia. Na mimi nikaangalia chini!

Kwa sanamu! Springi nilizochomelea mwenyewe, jiko nililokata mwenyewe! Macho yangu yalienda sakafuni yenyewe, na miguu ikasogea kando ili apite. Nilisimama hapo nikiangalia viatu vyangu, nimejaa furaha. Watu wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Nilijaribu tena baada ya hotuba. Nikashindwa. Nilijaribu watu walipoanza kuondoka. Nikafika puani (Mzee ameshinda, ni pana), nikarudi chini. Mpaka sasa ninapoandika, kila mtu Nakuru ameuona uso ule vizuri isipokuwa mimi niliyejenga mwili wake.

Wangare aliuliza kadi iandikwe jina la nani. Nikamwambia mwili ni wangu, uso ni wa Celestine na Khaemba. Iko hivyo ukutani.

Mzee nilimwona. Alikuwa amevaa koti, anamweleza mzungu mmoja kuhusu nati. Sikumsogelea, nilimwachia nafasi aseme.

Asante, Mama. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Mkweo,
Weldon


Nakuru,
30 Novemba 2025

Weldon,

Mambo ya salamu tutafanya mwisho, kwa sababu nina haraka ya kukwambia kwamba nilikuja.

Nilisema sitakuja na nilimaanisha. Halafu saa nane nikawa nimevaa. Nilijificha katikati ya kina mama wa kanisa, nyuma ya nguzo, na Senge akiwa amenishika mkono, eti analinda mila. Ulipoingia niligeuza uso ukutani. Lakini nikasikia watu wanapiga makofi, nikashindwa, nikachungulia. Ulikuwa umeinamisha kichwa mbele ya lile bati langu. Senge mwenyewe akasema, "Huyu amelelewa." Na Mzee Khaemba, kwa ile sauti ya kutangazia treni, akaambia ukumbi mzima, "Huyo hapo ni mkwe wangu! Ni msanii!" Alisema msanii, Weldon. Sikujua kama analijua neno hilo.

Senge amerudi Kimilili na ameshatuma gunia. Anataka yake, na anasema kiuno chake kiwe cha birika.

Sasa nisikilize. Wewe ulikuwa umenipa mgongo, na hakuna mila inayokataza mgongo. Kwa hiyo niliutazama. Niliutazama muda wote uliokuwa hapo, hotuba sikusikia hata moja. Nilikuwa sijawahi kukuona, na huyu ndiye mtoto wangu, na sijui hata kama ana meno yote. Shati limekulegea mabegani. Mshipi umeukaza mpaka tundu la mwisho. Natasha ananiambia kila mara unakula vizuri, kumbe ni ile chumvi yake.

Nimekutumia unga wa wimbi, maharagwe, na kuku. Huyu ni wa nyama. Usimgeuze kitu kingine. Hujambo? Sisi hatujambo. Kula, mwanangu.

Mama